Chifu Hajala

Jumatatu, 3 Machi
Chifu hajala tena. Nimetoa karanga za jana, nimeweka nyingine, nimebadilisha maji. Siku ya tatu hii. Nikifungua mlango wa chumba tu, anajirusha kwenye waya wa tundu kama nimekuja kumchinja. Leo kaning'ata kidole. Damu hadi kwenye shati la kazini.
Si kinda. Kasuku wa miaka ishirini, karibu umri wangu. Sijui nilifikiri nini kumchukua. Najua. Chumba kilikuwa kimya mno.

Jumanne, 4 Machi
Masjala. Kidole kina bandeji, mwandiko mbaya, majalada mawili nimeyachanganya. Mkuu wangu kauliza nimeumizwa na nini. Nikasema mlango. Aibu kusema nimechukua ndege ili nipate wa kuongea naye, na ndege hanitaki.
Mama kapiga simu kutoka Ipililo. Anataka nimrudishe. Ndege anayesema kama mtu, anasema, ametumwa. Sikumwambia kwamba hajasema neno.

Jumatano, 5 Machi
Kajinyonyoa manyoya kifuani. Ngozi inaonekana.
Dada Kabula kapiga. Ndiye aliyenipa Chifu. Ni ndege wa baba yake, mwalimu mstaafu wa Lamadi, ambaye sasa anaumwa. Kamhamishia kwake Mwanza, na mwenye nyumba wake hataki ndege. Anasema Chifu asipokula hadi Jumamosi, atakuja kumchukua ampe mwenye hoteli mmoja pale Lamadi, akae barazani wageni wamchokoze. Hakusema kwa ubaya. Anaogopa atanifia. Mimi pia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejikaza, nikampigia mzee mwenyewe, baba yake Kabula. Maneno niliyaandika kwanza kwenye karatasi. Akayasikiliza yote.
"Unaingiaje humo ndani?"
Nikasema kwa ufunguo.
"Hodi hupigi?"
Nikasema naishi peke yangu, mzee.
"Na yeye ni sufuria? Mimi ungeniingilia hivyo ningekung'ata zaidi."
Akakohoa muda mrefu. Hata baada ya mkewe kufariki, akasema, hakuwahi kuingia kwake bila hodi. Na alikuwa akisubiri kidogo kabla ya kusukuma mlango.
Ofisini nabisha hodi kila mlango, hata ulio wazi. Kwangu sijawahi. Angeitikia nani?

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi, nikitoka bombani, nikasimama na ndoo nje ya mlango wangu. Nikapiga hodi. Sauti haikutoka vizuri. Jirani yangu Mama Kulwa alikuwa anafua uani na wenzake.
"Karani, mchumba kaja lini? Na mbona hakufungulii?"
Wakacheka. Nikahesabu hadi kumi, nikaingia.
Hakujirusha. Alisogea mwisho wa kijiti, akanitazama kwa jicho moja.
Jioni vilevile. Ila karanga hazijaguswa. Kesho Jumamosi.

Jumamosi, 8 Machi
Hodi. Nikasubiri. Nikaingia, nikafungua tundu, nikakaa sakafuni nimempa ubavu. Karanga kiganjani. Sikumtazama.
Muda mrefu. Mguu ukafa ganzi. Nikasikia kucha kwenye waya, kisha mdomo wake kwenye ngozi yangu, mwepesi. Sikuvuta mkono. Alichukua moja, akarudi kwa nyingine.
Dada Kabula kapiga saa nane. Nikamwambia asije. Akauliza mbona nanong'ona.
Chifu alikuwa bado anakula.