Ndiyo Aliyoibonyeza Melania

Jumatatu, 2 Februari

Melania kakabidhiwa fayawoli za zahanati zote tatu! Mjini, Kidahwe, Kalinzi. Zote! Mwanangu mimi, muuza dagaa wa Kibirizi, niliyeishia la saba!

Haya, nivute pumzi. Nimekaa kando ya chanja, dagaa wanakauka, naandika.

Fayawoli ni nini, Melania kanieleza mwenyewe. Ni mlinzi wa mlango wa mtandao. Anajua nani apite, nani azuiwe. Maagizo yake yote yana nakala, imetunzwa. Mlinzi akifa analetwa mwingine, anapewa nakala, kazi inaendelea kama hakufa mtu. Zamani ilikuwa shughuli ya siku nzima. Sasa wameletewa AI — Melania anaiandikia kwa Kiswahili kabisa, rejesha nakala ya mahali fulani, yenyewe inatafuta, inaandaa. Ila haiweki kitu mpaka imuulize. Inamsubiri yeye abonyeze ndiyo. Mashine inamsubiri mwanangu! Nimemwambia Skolastika, jirani yangu hapa kwenye chanja. Nimewaambia na wapagazi. Na wasiouliza nimewaambia.

Jumanne, 3 Februari

Jana jioni radi Kalinzi. Imeunguza fayawoli yao. Mpya imepandishwa asubuhi kwa pikipiki, muuguzi kachomeka waya, Melania yuko ofisini mjini anairudishia nakala kwa hiyo AI.

Kwangu kafika kaka Zefania kutoka Kasulu. Nikasema huyu lazima amwone mtoto kazini! Nikapiga simu ya video. Melania: mama, nipo katikati ya kazi. Nikamwambia mjomba wako atapitaje kwangu bila kusalimiwa, utu gani huo? Basi. "Shikamoo mjomba." Na salamu za kaka Zefania ni za Kiha hasa — wa nyumbani, ng'ombe, mihogo, mvua, yule aliyevunjika mguu, mke wa yule aliyevunjika mguu. Humkatizi. Mtoto wangu kajibu moja moja, huku mkono mmoja unafanya kazi. Kifua kilinijaa! Kaka kasema huyu ana adabu, si kama wangu.

Jumatano, 4 Februari

Kalinzi hakufunguki kitu. Majalada ya wagonjwa yote yako kwenye mtandao. Akina mama waliopeleka watoto chanjo wamerudishwa. Melania hawezi hata kurekebisha akiwa mjini — mlango umejifunga, naye yuko nje. Kapanda pikipiki kwenda mlimani na mvua hii.

Sijala.

Alhamisi, 5 Februari

Jana alasiri alifungua. Kumbe mlinzi wa Kalinzi alipewa maagizo ya Kidahwe! Ndiyo maana hakumtambua mtu.

Sokoni habari imenitangulia. Skolastika: "Mama Melania, si ulisema mashine inamsubiri mwanao? Jana mlima mzima umemsubiri." Wapagazi kicheko. Nikamjibu mwanangu hana kosa, AI ndiyo imekosea, mashine ni mashine! Nililisema kwa sauti, hadi wa kwenye mitumbwi wasikie.

Bwana Leodgar, mkuu wake, kamwondolea ruhusa zote. Anataka maelezo kwa maandishi. Kisha kikao — ama wamrudishie kazi yake, ama wamwachishe.

Ijumaa, 6 Februari

Nimemwambia Melania andika ni mashine. Kaniangalia.

"Iliuliza, mama. Haikuiona nakala ya Kalinzi, ikaleta iliyofanana nayo. Ikaandika: nakala hii ni ya Kidahwe, niiweke Kalinzi? Nikabonyeza ndiyo. Sikusoma."

Kila kitu kimeandikwa humo kwenye mashine, hadi dakika aliyobonyeza. Saa nne na dakika kumi na mbili.

Nikaingia chumbani. Nikafungua simu yangu. Video, Melania, Jumanne. Ilianza saa nne na dakika tano. Tulizungumza dakika kumi na tisa.

Nikaketi kitandani. Mimi!

Barua yake iko mezani, nimeisoma. Kaandika "uzembe wangu". Hamna simu. Hamna mjomba. Hamna mama. Mwandiko umenyooka vizuri, kama alivyofundishwa.

Jumamosi, 7 Februari

Asubuhi nimemwambia nakwenda kwa Leodgar kumweleza. Kakataa kabisa. Watasema mtu mzima analetewa mama yake ofisini. Na eti simu angeweza kuikata mwenyewe.

"Usingeweza," nikamwambia. "Ni mjomba wako."

Akacheka kidogo. Halafu machozi yakamtoka, akageukia ukuta nisione. Niliona.

Kaka Zefania kapiga. Kasikia yote. Anasema naye atakuja kikaoni, kuwa shahidi. Mungu wangu — akianza kuwasalimia wale, watafika saa ngapi kwenye ajenda?

Mchana nimekwenda Kibirizi. Skolastika alikuwa anageuza dagaa. Nikamwambia mbele ya wapagazi, kwa sauti ileile ya juzi: haikuwa AI. Mtoto alikuwa kazini, mimi nikamshikisha simu nionyeshe watu. Mkono wa Skolastika ukasimama.

"We, Mama Melania!" Basi, hakucheka. Baadaye akanisogelea. "Na Leodgar anajua?"

Anajua nini yule? Ana karatasi ya mwanangu tu inayosema uzembe. Nikinyamaza anabaki mzembe. Nikisema anakuwa mtoto wa mama. Mwanangu mwenye akili za vile!

Nimefua kitenge changu cha kanisani. Melania kakiona kwenye kamba. Hajaniuliza kinakwenda wapi, nami sijasema. Kapita, karudi, kakinyoosha pindo lililojikunja, kaingia ndani.

Bodi ya zahanati, Leodgar, wakuu wa Kidahwe na wa Kalinzi, na yule muuguzi aliyechomeka waya — wote wanakuja kikaoni Jumatatu, saa tatu asubuhi.