Wavu Usio na Tundu

Kendu Bay, 3 Machi 2025

Mellen mke wangu,

Hamjambo huko Kegonga? Mimi mzima, ila usipige simu, iliniponyoka ikazama ziwani. Naandika Kiswahili maana Kijaluo chako kinachechemea, kosa la mama yako Mkuria.

Jicho langu moja, unajua, presha ya macho ilishalila. Hili lililobaki wamelipasua, wakatoboa kamfereji maji yake yapite. Jana wamelipiga picha kwa hadubini, nyama ikaonekana uzi kwa uzi. Nakutumia nakala. Daktari wa kuisoma yuko safari, lakini wa nini? Mimi si fundi wa nyavu? Imefumwa ndi! Hata dagaa wa omena hapiti. Kidonda kimefunga!

Nikuibie siri: nesi alinipa matone, ati yanazuia kidonda kufunga. Dawa gani ya kukataza mtu kupona? Nilimwaga chooni, nikaombewa kanisani.

Njoo Pasaka nimwone mtoto. Nikikuta pua ya yule mpinzani wangu Maroa, namrudisha kwa baba yake.

Mume wako,
Babu

Kegonga, 8 Machi

Babu,

Mimi na mume wangu Maroa tuko salama, mtoto anaanza kukaa. Picha nimeipeleka kwa daktari wa macho, Migori. Aliitazama, akanieleza. Babu, wavu huo ulitakiwa uwe na matundu! Maji hutokea hapo. Ukifunga, presha inapanda, jicho linakufa. Matone yalikuwa ya kuzuia mlango usifunge. Nenda leo, tafadhali.

Mjukuu wako, si mke,
Mellen

Kendu Bay, 2 Mei

Mellen,

Salamu. Mistari ikipandana, iache, imeoana.

Barua yako alinisomea jirani, Filister. Ilinikuta naona moshi tu. Tulikimbia hospitali, jicho likiwa gumu kama kokwa. Wakafungua tena. Wapi.

Kanisani bado wanashangilia ushuhuda wangu, kwamba Mungu alifunga kidonda. Sijawaambia. Sitaki aonekane hajui kusoma picha.

Pasaka mliuliza, nikasema naona. Nikamshika mtoto, nikasema pua ni yangu, mkacheka. Nilidanganya. Nilikuwa nimeipapasa tu. Sasa niambie kweli, ni ya nani?

Babu

Kegonga, 6 Mei

Dada Filister,

Pole kwa kukusumbua. Msomee polepole, ukiwa umemshika mkono:

Babu, pua ni yako.

Mke wako,
Mellen