Siku Nilileta Nyuki Nyumbani

Siku ya Mungu, 7 Oktoba 1951
Misa, halafu pori ya Ruashi, napiga pedali ya kinga, baisikeli ya kazi. Muzinga ya yaya Ngosa, ndugu yangu mukubwa, iko nzito. Nyuki zinaimba ndani ya ganda ya muti kama mashini. Moja iliniuma kwa sikio. Ni heshima. Mimi njo mufugaji wa nyuki mukali kupita bote hapa Élisabethville. Nilisema vile kwa nguvu. Hakuna muntu alisikia.

Siku ya tatu, 10 Oktoba
Mikate asubui, mikate mangaribi. Mugreki, mwenye duka ya mikate, ananiita tu kijana wa kinga, jina hajui. Tangu kampani ilituma yaya Kolwezi, nyumba imenyamaza. Alikuwa anakoroma, nilikuwa namutukana. Sasa silali.

Siku ya posho, 13 Oktoba
Nimepata akili kubwa. Nitaleta muzinga hapa, nyuma ya jikoni. Nyuki zitakaa na mimi, bantu batakuja kuonja asali, kama wakati wa yaya. Nilimwambia Mama Mwadi, jirani yetu, muntu wa Kasai, mushonaji.
"Weye Feliksi, hata kuku zilikukimbia."
"Kuku hazina akili, mama. Nyuki zinanijua."
"Zinakujua? Basi, ziambie zikufulie shati."
Alicheka mpaka sindano ikaanguka. Ataona.

Siku ya Mungu, 14 Oktoba
Nimeshinda! Asubui na baridi, niliziba mulango ya muzinga na majani, nikaifunga kwa kinga kama kasha ya mikate. Yaya alikata alama kwa ganda, alama ya mwenye muzinga. Nikaigeuza chini, bezi basione ni ya nani. Mimi si mujinga. Njia ya mawe tupu, lakini nilikimbia kama treni. Iko nyuma ya jikoni sasa. Nyumba iko na sauti. Nitalala muzuri.

Siku ya kwanza, 15 Oktoba
Asali inatoka chini ya muzinga. Imejaa mpaka inamwagika! Batoto ya Mama Mwadi bakaja kuramba. Nikabagawia kama mukubwa.

Siku ya pili, 16 Oktoba
Nimefungua. Masega yote imeanguka. Nyuki nyingi zimekufa ndani ya asali yao, mabawa imeshikana. Vipande vya nta vimebaki upande moja tu, ule wa alama. Haikuwa alama ya mwenyewe. Ilikuwa kuonyesha juu, pale masega inashikilia. Mimi njo nilizibeba kichwa chini, njia nzima.
Zilizopona ziliruka, zikapita juu ya bati ya Mama Mwadi. Nilizikimbilia mpaka reli, naziita. Muntu mzima anaita nyuki! Nimelia. Hapa hakuna wa kuniona, basi naandika: nimelia.

Siku ya tano, 19 Oktoba
Mama Mwadi alikuja kuomba nta ya kupaka uzi yake. Hakucheka. Hiyo njo iliniuma zaidi.
"Feliksi, uko unakula?"
"Sana, mama. Angalia vile nimenona."
Aliangalia sufuria. Akaenda.

Siku ya Mungu, 28 Oktoba
Nimerudisha muzinga kwa muti yake, alama juu. Nimepaka nta kwa mulango kuita nyuki, kama yaya alikuwa anafanya. Nikakaa chini. Jua kali. Nyuki moja ilikuja, ikazunguka, ikaingia. Nilishika pumzi. Ikakawia. Ikatoka, ikaenda zake.
Nilibaki kidogo tena. Halafu nilisukuma kinga polepole. Sikupanda.