Mpira wa Mama Aline Haukwami Tena

Kaka Deo,

Sasa hivi Keza amekoroga uji wake kwa bisibisi yako. Ile ndogo ya mpini wa njano, uliyokuwa unaichomeka nyuma ya sikio mpaka watu wakadhani ni kalamu. Niligeuka kidogo tu kufunga mfuko wa waya, nikamkuta ameshaizamisha kwenye kikombe, anakoroga taratibu, uso ameukaza kama mtu mwenye kazi ya watu. Nilipomnyang'anya hakulia. Alinisogezea kikombe nione, kama anasema angalia mama, imepona. Nikaifuta kwa kitenge, nikacheka, halafu kicheko kikanigeuka, ikabidi nikae chini. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Ulimwacha anasimama kwa kushika kiti. Sasa anakimbia, Kaka. Ana meno ya mbele yote na anajua kusema hapana kwa lugha tatu. Baba yake bado yuko na lori, leo Rusumo, kesho sijui wapi, kwa hiyo mchana tunashinda hapa dukani kwako, mimi na yeye. Nasema dukani kwako, ingawa siku hizi watu wanasema ni kwangu. Kiti ni kile kile chenye mguu mfupi. Nimeuwekea kipande cha boksi pale pale ulipokuwa unaweka wewe. Mlango bado unatazamana na baa ya Mama Aline, ng'ambo ya barabara.

Nataka kukuambia habari ya baa hiyo. Kwa miezi hii saba tangu utuache ndiyo iliyoninyima raha, na sasa ndiyo inayonifanya nitembee hapa mtaani Gisimenti nimeinua shingo.

Ile kazi uliyomfanyia Mama Aline ilikuwa kompyuta moja yenye mizigo miwili. Wahudumu wanaingizia oda za wateja, na kutoka humo humo waya mrefu unapeleka mpira kwenye runinga kubwa ya ukutani. Ile programu ya oda inakaa Kampala, kwa sababu ana baa nyingine kule, na haimpokei mtu asiyepitia mlango wa kule. Mlango huo ndio wewe ulikuwa unauita proksi. Ukaiweka, oda zikapita, Mama Aline akafurahi. Ila tangu siku hiyo kila kilichoingia kwenye ile kompyuta kilipita Kampala kwanza. Hata mpira. Unatoka huko kwa wenyewe, unazungushwa Kampala, ndipo uje Gisimenti, umeshachoka. Ulijua. Kila Jumamosi uliniambia, "Acha kwanza ifanye kazi, wiki ijayo nitaigawa njia." Ile ya mwisho ilikukuta kitandani hospitali, mimi nakupepea kwa daftari.

Ulipokuwepo ulikuwa unavuka barabara kila Jumamosi, unaipunguza picha, unaibembeleza. Ulipoondoka hakuna aliyejua kuibembeleza. Picha inakwama, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Na baa ya jirani nao wanaangalia kwa intaneti, lakini wao hawana habari na Kampala. Wao wanapiga kelele za goli, kwetu mchezaji bado ameinua mguu hewani. Unamjua Josiane, yule mhudumu mrefu mwenye mdomo. Alikuwa anawaambia wateja, "Msiangalie huku, tegeni sikio ukutani, mtajua matokeo mapema." Wengine wakahama kweli, wakaenda kwa jirani na glasi zao mkononi.

Siku moja Mama Aline akasema mbele ya watu, "Marehemu Mungu amrehemu, lakini hii kitu alituachia iko mbovu."

Kaka, kwenye msiba wako nilisikia maneno mengi, mengine hata siyakumbuki. Hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Akasema ataleta kijana wa Kimihurura mwenye diploma aje ang'oe kila kitu, aanze upya. Nilikuwa nimesimama pale na Keza mgongoni, nimekuja kubadilisha chaja tu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Si mbovu. Haijamalizika." Akaniangalia kutoka chini mpaka juu. "Mama Keza, wewe ulisoma wapi hayo mambo?" Nikamwonyesha duka lako kwa kidole. Nikamwambia, kwenye kile kiti. Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo, halafu akasema, "Haya rero, nakupa Jumamosi mbili. Ya tatu namwita kijana."

Jumamosi ya kwanza nilikuaibisha, nakiri. Niliizima proksi yote. Mpira ukaja safi kama maji, kila jani la uwanja unaliona, nikajiona fundi kwa robo saa nzima. Halafu programu ya oda ikafunga mlango, haimtambui mtu. Baa imejaa, karatasi haipo, wahudumu wakaanza kuandika oda kwenye viganja. Wakashika chupa za baridi, viganja vikalowa, maandishi yakaenda. Samaki wa meza tisa akaliwa meza ya nne. Mzee mmoja aliyeagiza chai ya maziwa akaletewa pilipili peke yake kwenye sahani. Josiane akaninyooshea mkono wake, "Sha, mwenzangu Mama Keza, hebu nisomee hiki kiganja, labda na mume wangu yumo." Nikawasha tena proksi, mpira ukakwama tena, na jirani wakapiga kelele.

Nilirudi nyumbani Kimironko kwa miguu, sikutaka hata pikipiki. Nilikuwa naona aibu kwako, si kwa Mama Aline.

Jumatatu asubuhi nachemsha maji ya kunywa, kama kila siku. Keza akaja na beseni lake, anataka kumwogesha mwanasesere. Nikamjazia ya bombani bila hata kufikiri. Halafu mkono wangu ukabaki hewani na jagi. Maji ya kunywa nachemsha, nachuja, naweka kwenye jerikani yake. Maji ya kufulia sichemshi, nani atachemsha ya kufulia? Kaka, pale kwa Mama Aline tulikuwa tunachemsha mpaka maji ya kupigia deki. Na mimi Jumamosi nilipoona mkaa hautoshi, nikaitupa sufuria. Ndicho ulichokuwa unaniambia uliposema kugawa njia, na mimi nilikuwa naitikia ndiyo ndiyo, nakupepea, sikuelewa.

Nikafungua kompyuta yako hapo hapo jikoni. Chini ya sehemu ya proksi kuna kisanduku nilichokuwa nakiruka siku zote kwa sababu Kiingereza chake ni kirefu. Ulikuwa unanigombeza, "Soma yote, hata usiyoelewa, kompyuta haina haraka." Nikasoma na kidole, neno kwa neno. Kinasema andika hapa anwani ambazo hazitapita kwenye proksi. Kumbe kilikuwa wazi kinanisubiri muda wote.

Jumanne nikaenda baa mapema, hakuna wateja. Nikaandika kwenye kile kisanduku anwani ya ukurasa wa mpira, nikawasha mechi ya zamani. Ukurasa ukafunguka haraka. Picha ikakwama vile vile. Nusura nilie, Kaka. Nikakaa nje karibu na mchomaji wa burusheti, zile nyama za vijiti, anawasha moto wake, moshi unaniingia machoni. Nikamwangalia Josiane anafuta meza na kupanga menyu, nikamwangalia yule mchomaji. Mteja anaongea na Josiane, menyu analetewa na Josiane, lakini nyama yenyewe inatoka huku nje, kwa mtu mwingine kabisa. Nikarudi ndani mbio. Nikafungua pale uliponifundisha, panapoonyesha kila kipande kinatoka wapi. Kweli. Ukurasa unatoka anwani moja, picha zinatoka nyingine, yenye jina refu lisilotamkika. Nikaliandika na hilo, na mbele yake nikaweka nyota. Uliniambia nyota maana yake ni yeye na ndugu zake wote.

Nikawasha. Nikasubiri kile kiduara. Hakikuja.

Nikamwambia Josiane aingize oda ya chai. Ikaenda Kampala, ikarudi na namba yake. Mpira unakuja moja kwa moja, oda zinapita mlango wake, kompyuta ile ile moja, hakuna anayemsumbua mwenzake. Sikumwambia Mama Aline kitu. Wewe hukuwa unajisifia kabla ya Jumamosi.

Jumamosi ndiyo jana. Saa kumi baa imejaa mpaka mlangoni, wengine wamekuja kunicheka, najua. Mimi nilikaa nyuma kabisa, Keza mapajani, bisibisi yako mfukoni. Watu waliangalia mpira. Mimi niliangalia katikati ya picha, pale kile kiduara hupenda kutokea. Sijui vizuri hata nani alicheza na nani. Kipindi cha kwanza kikaisha, nikagundua nimemshika Keza kwa nguvu mpaka ananisukuma. Kipindi cha pili wakaingiza goli, baa yote ikasimama, kelele, viti vinaanguka, Keza akashtuka akauficha uso kifuani mwangu. Na katikati ya ile kelele nikatega sikio ukutani. Kimya. Kwa jirani kimya. Nikavuta pumzi moja, ya pili, ndipo na wao wakapiga kelele.

Josiane akagonga ukuta kwa trei. "Jirani, hilo goli ni la jana, mmechelewa wapi?" Watu walicheka kuliko walivyoshangilia. Halafu akaniletea Fanta, akaniinamia sikioni, "Nimeiingiza kwa kompyuta, si kiganjani."

Mama Aline hakunishukuru, unamjua alivyo. Alipita na sahani mbili, kwenye meza ya mbele wakamwuliza kama kijana wa Kimihurura amekuja. Akasema kwa sauti, wote wasikie, "Kijana gani? Hii ni kazi ya Deo. Dada yake ameimalizia tu." Nikatoka na Keza, nikasimama nyuma ya jiko, nikalia pale vizuri, machozi ambayo sikuwahi kuyalia tangu tukuzike. Hayakuwa ya uchungu. Nilijisikia mrefu. Nilikuonea fahari wewe, na mimi nikajionea kidogo, usinicheke.

Leo baada ya kanisa amenitumia ujumbe kwamba anataka kuniona. Nadhani ni habari ya ile baa yake nyingine ya Kampala. Sitaki kutangulia, ngoja niisikie kwake.

Sasa nakuaga, Kaka, kwa maana barua ya kwako sijui niimalizeje, sikuwahi kukuandikia ukiwa hai, ulikuwa hapa tu. Lala vizuri. Ile wiki yako ijayo imefika, nimeifanya mimi. Kitu ulichokiacha kimetulia, hakuna atakayesema tena kuwa ni kibovu nikiwa nasikia. Kibao chako cha Fundi Deo sikiondoi juu ya mlango, nimekifuta vumbi asubuhi hii. Na nakuahidi mambo mawili. La kwanza, nitarudi kusoma, taratibu, hata kama ni kile Kiingereza cha kwenye visanduku tu. La pili, Keza akianza kushika bisibisi bila kukorogea uji, nitamkalisha kwenye kiti hiki, na nitamwambia alisomea hapo mama yake, na mwalimu alikuwa

Kuna mtu anaita kutoka ng'ambo. Ni sauti ya Mama Aline. Anaita, "Fundi." Nimeinua kichwa nikatazama ndani, Kaka, nikakutafuta uitike. Halafu nikaona ananipungia mkono mimi. "Fundi, njoo basi, beba na mtoto." Naitika. Nilitaka kuilaza bisibisi yako juu ya karatasi hii isipeperushwe na upepo, lakini huko ninakokwenda nadhani nitaihitaji