Herufi za Nabila Hazina Tumbo

Jumatatu, 4 Machi 2013
Leo nimekaa mbele ya duka la Mzee Ramathan, hapa Kisenyi, mpaka matako yamekufa ganzi. Namtazama mjukuu wangu Nabila akichora kibao. RAMATHAN SPEA. Ehe! Mtoto anachora! Herufi nene kama mabega ya wapagazi, kona kali, hakuna hata moja yenye tumbo. Ile R, wachoraji wengine huiviringisha kichwa. Yeye kaikata kwa rula kama paa la bati. Nikamuuliza, umeitoa wapi? Akacheka: kwenye mikeka yako, Habuba, bibi yangu.

Kweli! Ukindu haukubali duara. Ukitaka kusuka jina kwenye mkeka, lipande ngazi ngazi, kona kwa kona. Nimesuka majina ya maharusi miaka mingi bila kuyasoma — wananichorea, nafuata. Darasani sikuingia. Kusoma na kuandika nimefundishwa na huyu huyu. Nilitaka kulia, nikamtukana: njoo unywe chai, mbuzi wee!

Jumanne, 5 Machi
Akidi amepita, yule ajenti wa kyeyo, vibarua vya ng'ambo. Eti pasipoti tayari, ndege ni Alhamisi, kazi za ndani Uarabuni. Nabila hataki. Lakini siku hizi vibao vyote vinatoka kwenye kompyuta, na njaa haina adabu. Ramathan kaahidi: akikipenda kibao, atampa maduka yake yote ya mstari huu ayaandike. Basi anabaki. Asipokipenda — uwanja wa ndege.

Akidi ananiambia, mama, usimshike mtoto. Nikamjibu namshika, tena kwa mikono miwili.

Jumatano, 6 Machi
Ramathan kaja. Kasimama katikati ya barabara, boda wanampigia honi, uso kama kalamba ndimu. Akanifokea: Mama Taban, hizi ni herufi za malori ya jeshi! Wateja watanikimbia.

Sikucheka. Hata mimi nayakumbuka malori ya miaka ile ya utawala wa jeshi. Nikamshika mkono nikamsogeza karibu. Tazama, ndugu yangu. Zile zilipigwa rangi kupitia bati lililotobolewa, A yao imekatika kiuno. Hizi za Nabila nzima, zimeshikana. Zile ndizo zilikuwa na mapengo.

Akasema: mwenye mapengo ni wewe!

Wapagazi wakaangua kicheko. Mimi pia. Akaondoka zake — eti atakitazama kikishapanda ukutani.

Alhamisi, 7 Machi
Kimepanda! Nyeusi juu ya manjano. Nimekisoma toka kule kwenye stendi ya teksi, na macho haya mabovu! Kila herufi imesimama kama mtu anayeijua haki yake. Mtaa mzima vibao vingine vinaonekana vinasinzia.

Naandika hapa hapa, nimekalia tairi. Akidi yuko ndani ya teksi, mlango wazi, sanduku la Nabila limeshapakiwa. Anaita: tutachelewa, wee msichana! Nabila yuko juu ya ngazi. Kona moja ya N imevimba rangi. Anaikwangua kwa wembe, taratibu, ulimi nje. Hageuki.

Honi ya teksi.

Ramathan kakitazama kibao toka huku, kaenda kakitazama toka kule. Nimemkodolea macho mpaka yananiwasha — sema, mwanaume! Ngazi imeanza kutikisika. Ramathan kavua koti, kaja kaishika.