Baba Alipokwenda Kuripoti Wizi

Ambalamasy,
Madagaska.
9 Agosti 2018

Mpendwa kaka Tsiory,

Pokea salamu zetu sote. Kifua chako kinaendeleaje huko Ufaransa? Mimi na watoto wazima, mpunga tumeshavuna. Baba ndiye sijui nisemeje.

Mwezi uliopita wezi walivunja zizi mchana, sisi tuko shambani, wakaswaga ng'ombe wote saba. Nyayo zilikuwa bado mbichi. Wanaume wakachukua mikuki wazifuate, Baba akawazuia: "Mnataka kufa? Serikali ipo." Akavaa koti lake la kanisani, akaenda kituoni kwa miguu.

Mkuu wa kituo akamwambia gari halina mafuta. Kisha akadai hati za ng'ombe. Baba akatoa sita. Ya ndama hakuwa nayo. Amezaliwa juzijuzi tu, na ofisi ya hati imefungwa tangu Mei.

"Kwa hiyo, mzee, huyu wa saba ulimwiba wapi?"

Baba alicheka, akidhani ni utani. Wakamfungia siku kumi na moja, kwa ajili ya ndama ambaye hata wao hawajamwona.

Nilimpelekea wali kila siku. Siku ya tatu gari lile lisilo na mafuta lilinipita njiani, limejaa magunia ya mkaa. Baba alipotoka, upepo ulikuwa umefuta nyayo zote.

Barua yako ilifika juma hilohilo. Umeandika kwamba ulipoibiwa baiskeli, polisi wawili walikuja hadi nyumbani, wakakupa pole, na siku ya nne ikapatikana. Halafu unatuuliza kwa nini sisi tunalalamika tu badala ya kwenda polisi. Kaka, hapo uliniumiza. Nilitaka kuificha, lakini Baba alitaka asomewe yote, nikamsomea.

Akauliza, "Na siku hiyo walimwacha alale kwake?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi mwandikie abaki hukohuko."

Baba huyuhuyu, ambaye kila Krismasi huuliza unarudi lini. Tangu siku hiyo hakutaji, wala hatoki uani.

Nisalimie wifi Solène na mwanangu Mahefa. Shangazi Zafy anawasalimu sana. Mungu awalinde huko. Na sisi atulinde, maana huku hatuna mlinzi mwingine.

Mdogo wako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
Vololona