Sahihi ya Zachariah

New Hope, 14 Aprili

Shemeji Nkirote,

Theluji imeyeyuka. Koti la mumeo nimelifua.

Kazini tunapima feni za vyombo vya angani. Huko juu pumzi haipandi wala haishuki. Feni ikisimama, hewa chafu hubaki usoni pa aliyelala. Kwa hiyo kila feni husikilizwa na watu wawili, kama mimi na mumeo zamani, na wote hutia sahihi.

Jana bosi wetu, Stacy, alinionyesha fomu ya feni iliyopimwa Machi. "Gilbert, si kaka yako Zachariah mlimzika Januari?"

Sahihi yake ilikuwepo, kwa mwandiko wangu. Feni hiyo imeshapaa. Watu wanne wanalala mbele yake.

"Wewe uliisikiliza?"

Sikuisikiliza. Nilimsikia Zachariah akisema kichwani mwangu, kama zamani, "Iko poa, weka sahihi," nikaweka zote mbili.

Shemeji yako,
Gilbert